Akala si Dawa ya Sanduku la Moshi



Unajua mwenyewe bei ya ng'ombe inavyokuwa mwaka wa ukame. Dalali anafika bomani, anahesabu mbavu za fahali wako, kisha anataja bei ya mbuzi. Nawe unakubali, kwa kuwa nyasi hakuna, na ukingoja wiki mbili utabaki na ngozi tu. Wazee wa Ukambani walikuwa na shauri la namna hii mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, kuuza mifugo yao. Wakati huo kiwanda cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, tayari kununua. Muindi Mbingu akaongoza umati wa watu mpaka Nairobi kumtafuta Gavana, na mwishowe mauzo hayo ya nguvu yakaachwa. Siku hizi hakuna askari wa kukunyang'anya ng'ombe. Anayekulazimisha ni jua.

Kwa sababu hiyo mimi nafurahi sana nikiona vikundi vya wakulima vya Makueni na Kitui vikijitengenezea sanduku la kukaushia nyama kwa moshi na stima. Ng'ombe akichinjwa angali na nyama mwilini, mkaguzi wa nyama akaikagua na kuipiga muhuri, kisha ikatiwa chumvi na kukaushwa vema, mwenye mali anapata nafasi ya kungoja mnunuzi wa pili na wa tatu. Lakini nimeona jambo moja ambalo halifai kabisa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilifika kwa kikundi kimoja upande wa Kitui. Sanduku lao lilikuwa pipa la chuma lililosimamishwa, likakatwa mlango, na chini yake wakatia koili iliyotolewa katika mtungi wa kuchemshia maji. Juu ya mpini wa mlango walikuwa wamefunga kipande cha gunia. Nikauliza gunia ni la nini. Mama mmoja akacheka, akasema, "Linatutekenya, mwalimu. Ukitaka kulifungua, vaa akala kwanza." Na kweli, akala zilikuwapo kando ya pipa, jozi moja, kwa matumizi ya wote! Nami nilicheka kidogo. Kisha nikaona mtoto wa miaka minne hivi akizunguka hapo miguu mitupu, na kicheko kikaniisha.

Sikilizeni, jamaa zangu. Stima inayotekenya leo ni ile ile inayoua kesho mvua ikinyesha. Mtu aliyevaa akala kavu juu ya udongo mkavu wa Januari anapata mshtuko mdogo. Mtu huyo huyo, mikono ikiwa na maji ya chumvi ya nyama na miguu ikiwa juu ya tope la Novemba, haachi mpini.

Mimi nasema hivi: sanduku lililogeuzwa likiugua, tafuta ugonjwa mahali lilipogeuzwa. Watu wengi huanza kulaumu kampuni ya stima, au mita ya tokeni, au mwenzao aliyelitumia jana. Chomoa plagi, acha chuma kipoe, kisha uliza: kitu gani hapa kilitengenezwa kwa kazi nyingine?

Katika pipa lile jibu lilikuwa wazi. Koili ya maji imefanywa ifanye kazi ndani ya maji. Maji ndiyo yanayochukua joto lake. Ukiiwasha katika hewa inakuwa nyekundu, ngozi yake ya chuma inapasuka, na stima inatoka ndani na kushika pipa zima. Jambo la pili, walitumia waya wa nyuzi mbili, wa taa, kwa hiyo waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, haukuwapo. Stima iliyovuja haikuwa na njia ya kurudi ila kupita katika mwili wa mtu. Fyuzi nayo haikukatika, maana fyuzi ya ampea 13 haijui habari ya stima kidogo inayotosha kumwua mtu.

Mita ndogo ya fundi haina bei kubwa, na kikundi kinaweza kuwa nayo moja. Plagi ikiwa imechomolewa, pima kati ya pini ndefu ya plagi na mwili wa pipa. Mita yapasa kuonyesha karibu na sifuri, yaani waya wa ardhi umefika. Kisha pima koili yenyewe. Hapa kwetu stima ni volti 240, basi koili ya wati 1,200 huvuta ampea 5, na mita itaonyesha omu 48 hivi, au pungufu kidogo ikiwa baridi. Ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Mwisho pima kati ya ncha ya koili na chuma cha pipa. Hapo mita isionyeshe njia hata kidogo. Ikionyesha, koili imevuja, hata kama bado inatoa joto zuri. Tena mita ndogo huweza kukosa uvujaji mdogo, kwa hiyo pipa likiendelea kutekenya mwite fundi wa stima mwenye cheti, aje na chombo chake kikubwa.

Pengine koili haikupasuka bali imenyonya unyevu, hasa sanduku likilala miezi bila kazi. Unga mweupe ulio ndani ya koili hupenda maji. Fundi ataikausha kwa joto la polepole kwa saa kadhaa na kuipima upya. Kadhalika futa chumvi na mafuta kwenye ncha za waya. Nimeona sanduku likikata stima kila siku kwa sababu ya mafuta ya nyama tu.

Kuna neno moja la huku kwetu ambalo mafundi wa mjini hulisahau. Ile fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nyumbani kwako inafanya kazi vema udongo ukiwa na unyevu. Katika kiangazi chetu udongo unakauka mpaka chini, na fimbo inakuwa kama imepigwa ndani ya jiwe. Kwa hiyo usitegemee fimbo peke yake. Weka swichi ile inayokata stima inapovuja, ya miliampea 30. Kikundi kikiniambia hakina fedha ya swichi hiyo, lakini kimepaka pipa rangi na kuandika jina lake kwa herufi kubwa, mimi sikubali.

Sasa habari ya moshi. Wengi hulalamika, "Joto lipo, moshi hakuna." Shida hii haitoki kwa kuni. Vibanzi vikikaa juu ya koili ile ile inayopasha sanduku, thamostati ikiona joto limetosha inazima koili, na vibanzi navyo vinazimika. Mchana wa Kibwezi au Mutomo, jua likilipiga pipa toka nje, koili haiwaki mara nyingi, basi moshi utoke wapi? Watu wengine huiruka thamostati, wakaunganisha waya moja kwa moja. Hilo ni kosa: nyama inaungua nje na ndani ni mbichi, na mafuta yakidondoka yanaweza kuwaka moto. Tia vibanzi katika kopo lao wenyewe, na koili yao ndogo, koili kubwa ibaki na thamostati. Kichwa cha thamostati kiwe karibu na nyama, mbali na koili, nacho kifutwe masizi kila mara, maana kikivaa lami ya moshi kinachelewa kusikia joto.

Waya wa ndani uwe wa kustahimili joto. Waya wa kawaida wa nyumba unayeyuka, na tepu ya plastiki vile vile. Usitumie friji kuukuu kama sanduku: plastiki na sponji zake zikipata joto hutoa hewa ya sumu. Na kama ndugu yako amekuletea sanduku kutoka Marekani, soma kibao chake kabla ya kuliwasha. La volti 120 likipewa 240 huvuta nguvu mara nne, na litaungua.

Stima ikipotea katikati ya kazi, usifungue mlango kutazama. Nyama iliyokaa vuguvugu zaidi ya saa 4, chini ya digrii 60, itupwe, ijapokuwa inauma moyo. Iliyo tayari iwe imefika digrii 75 katikati ya pande nene. Mzoga usiukaribishe kabisa sandukuni. Moshi hauui kimeta.

Kikundi kile cha Kitui sasa wana koili ya oveni, waya wa nyuzi tatu na swichi ya kukata. Vibanzi ni vya mwembe na mgunga. Mnyaa wa ua hawautii, kwa kuwa maziwa yake ni sumu. Nilipopita tena nilishika mpini kwa mkono mtupu, baada ya kupima. Lile gunia nililikuta chini ya kuku aliyeatamia.