Moto wa Mwanjelwa

Usinicheke mpenzi msomaji, yamenikuta! Nilipata kibarua gesti moja pale Mwanjelwa, Mbeya: kuunga swichi ya boya la tenki la chini kwenye kontrola inayoendesha pampu. Mimi na ujuaji wangu wa kijiweni nikapitisha moto wa volti 230 kwenye swichi, nikaupeleka moja kwa moja kwenye kontrola. Paa! Moshi. Hela yote ya kibarua ikaishia kununua nyingine.

Nikampigia fundi aliyenifunza kazi, yuko Iringa. Akacheka weee! "Mwanangu, pale pa kuunga swichi hapataki moto wa Tanesco. Kontrola yenyewe inatoa kaumeme kadogo, volti 24 au pungufu. Swichi inagusanisha nyaya mbili tu, basi. Na maji yakiwepo ziwe zimegusana, yakiisha ziachane. Hapo hata panya akikata waya, pampu inazima. Ukigeuza, waya ukikatika pampu itazunguka kavu mpaka iungue."

Jamani, kuuliza si ujinga. Zipo kontrola zinazotaka upeleke umeme pale, zipo zisizotaka. Karatasi yake inasema. Soma kwanza, ndipo ushike bisibisi!