GUNIA LA VIAZI LIPITE MIZANINI

Ndugu wafanyi kazi,

Sisi watu wa reli twajua jambo moja. Kila behewa la mizigo limeandikwa ubavuni uzito linaoweza kubeba. Likizidishwa, ofisi itauliza ni nani aliyelipakia. Lakini bega la mchukuzi halikuandikwa neno, na likivunjika hakuna anayeuliza.

Twendeni sokoni tukalione gunia la viazi. Kanuni za Viazi za mwaka 2019, zilizotolewa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zasema gunia lisipite kilo 50. Je, ndilo tunaloliona? La! Twaona gunia lililovikwa kilemba cha wavu na kushonwa kwa kamba, limepita kilo 100. Watu wawili humtwika mmoja. Naye hulipwa kwa gunia, si kwa kilo, sawa na mkulima wa Nyandarua aliyelijaza. Faida ya kilemba ni ya nani? Ni ya dalali peke yake.

Dalali asema magunia madogo ni gharama, maana ushuru hutozwa kwa kila gunia. Haya, basi utozwe kwa kilo! Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilishauri mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Au mgongo wa Mkenya ni wa chuma?

Wengine wauliza: "Chama chatafuta nini katika mambo ya viazi?" Twawajibu: mchukuzi ni mfanyi kazi kama sisi, na mkulima ni mama zetu na baba zetu nyumbani. Anachopunjwa mzee kwa dalali, sisi hukijaza kwa mshahara wetu kila mwisho wa mwezi.

Sheria bila mizani ni karatasi tu. Twataka mambo matatu. Kwanza, mizani iwekwe pale viazi vinapopakiwa, na mkaguzi apime mbele ya mkulima. Pili, lori lenye gunia lililozidi lisipewe cheti cha kuondoka. Tatu, atakayeshtakiwa awe mwenye mali, si mchukuzi wala dereva aliyetumwa.

Nanyi wachukuzi, msimngojee mkaguzi. Akikataa mmoja, kesho ataitwa mwingine. Mkikataa nyote, gunia litakaa chini mpaka lipunguzwe.

Umoja ni nguvu!