Dumu Hili Lilikuwa na Nini?

Na Mganga Msaidizi, Tangini, Kibaha



Mama mmoja alimleta mtoto wake zahanati, amembeba mgongoni. Mtoto alikuwa anatokwa na jasho na mate mengi. Alikuwa anatapika. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo sana. Nikamwuliza mama, "Amekula nini?" Akajibu, "Hajala kitu. Amekunywa maji tu." Nikauliza tena, "Maji hayo yalikuwa katika chombo gani?"

Yalikuwa katika dumu la dawa ya kuulia wadudu wa mboga. Dumu lilioshwa kwa sabuni, likaacha kunuka, likawekwa karibu na mtungi.

Tulimkimbiza mtoto hospitali, akapona. Lakini usiku ule sikulala. Madumu kama hayo ni mangapi kijijini? Mimi sikujua. Mwenyekiti naye hakujua. Hakuna aliyewahi kuyahesabu.

Maoni yangu ni haya. Wanafunzi wa shule na watu wa kisomo wafanye kazi hiyo, kwa makundi. Somo la sumu haliingii vizuri kwa ubao peke yake. Mwalimu huandika "Sumu ni hatari." Wanafunzi hunakili. Jioni huenda kuchota maji kwa dumu lile lile.

Wengine huniambia kwamba hiyo ni kazi ya Bwana Afya. Ni kweli, ni kazi yake. Lakini Bwana Afya ni mmoja, na nyumba ni nyingi. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Hawakumngoja Bwana Afya aje na jembe.

Sisi wa Kibaha tuna sababu yetu wenyewe ya kuchunguza. Vikuge ni Kibaha hii hii. Mwaka 1986 nchi yetu ilipewa zawadi ya dawa za kuulia wadudu kutoka Ugiriki, na shehena kubwa ikapelekwa shamba la serikali la Vikuge. Baadhi ya dawa hizo zilikuwa zimekwisha pitwa na muda. Ziliwekwa bandani. Banda likaanguka. Mvua ikanyesha juu ya dawa.

Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Mpita njia angesema, "Hapa pamesafishwa." Lakini watafiti walipima udongo na maji, na mwaka 2004 wakaandika waliyoyakuta. Mahali palipochafuka zaidi, katika kila kilo 1 ya udongo wa juu mlikuwa na gramu 280 za DDT na mabaki yake. Hiyo ni zaidi ya robo kilo! Sumu ilikutwa hata nusu mita chini ya ardhi. Ilikutwa katika maji ya kisima. Watafiti waliopima nyasi za hapo waliikuta na huko pia. Na nyasi ni chakula cha ng'ombe.

DDT haiozi upesi kama ganda la ndizi. Hukaa miaka mingi. Haiyeyuki vizuri katika maji, lakini hushikana na mafuta. Kwa hiyo hujikusanya katika mafuta ya mnyama na ya mtu, na hutoka katika maziwa, hata maziwa ya mama anayenyonyesha. Yule mtoto wa dumu alionekana mgonjwa siku ile ile. Sumu ya namna hii huingia kidogo kidogo, na hakuna anayekimbilia zahanati.

Kundi la watu 5 linatosha. Mmoja awe mwandishi. Wapite nyumba kwa nyumba na kuuliza. Mnatumia dawa gani? Mnaiweka wapi? Ikiisha, dumu linakwenda wapi? Kutoka hapo hadi kisimani ni hatua ngapi? Wachore ramani mchangani kwanza, halafu katika daftari. Wasiwaache wazee. Mzee asiyejua kusoma ndiye anayejua ghala la zamani la dawa lilikuwa wapi. Siku hiyo yeye ndiye mwalimu.

Lakini wasiguse kitu. Hapa mimi mwenyewe nilikosea. Mara ya kwanza niliwaambia wanafunzi wakatafute madumu, sikuwaambia wasiyaguse. Kijana mmoja akarudi amebeba dumu kichwani, dawa iliyobaki inamchuruzika shingoni. Tulimvua shati upesi, tukamwosha kwa maji mengi na sabuni. Tangu siku hiyo ni macho na kalamu tu.

Makundi yaliposoma madaftari yao mkutanoni, kulikuwa na ugomvi. Bwana mmoja anayeuza madumu matupu alisema tunamharibia biashara. Mama mmoja akasema, "Dumu jipya nitalipata kwa pesa gani?" Alisema kweli, na sikuwa na jibu zuri. Hata hivyo mkutano uliamua kwamba mwenye dawa alisuuze dumu mara 3 shambani, maji hayo ayamimine katika bomba lake la kunyunyizia, kisha alitoboe. Dumu lililotobolewa halina mnunuzi. Bwana Shamba atatuonyesha pa kuyapeleka.

Kundi la bondeni bado halijaleta daftari lake. Wanasema wamempata bibi anayekumbuka shimo lililofukiwa zamani karibu na kisima. Wanataka awaonyeshe kabla ya mvua.