Land Rover ya baba mkwe na siri ya chini ya gari

Mwezi huu uniwie radhi, sitaongelea valentaini wala mashoga wanafiki. Naongelea chesisi. Ndiyo, chesisi ya gari. Usifungue ukurasa wa pili kwanza, vuta kiti.

Mume wangu ana Land Rover 109, Series III ya mwaka 1976, aliyorithi kwa marehemu baba yake, mzee aliyelitumia gari hilo kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza. Ukitaka kumfurahisha mume wangu, lisifie. Ukitaka kulala mzungu wa nne, liite mkweche. Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika kwa mamia kule Arusha, alinuna wiki nzima kwa sababu la kwake halikwenda. Mimi nikampa pole, nikampikia samaki wa nazi. Sikujua kwa nini halikwenda. Mwenzangu alijua.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka Kigombe, mtoto katikati yetu, mama mkwe nyuma na kapu lake la dagaa. Kila tukipita tuta nasikia ko! upande wa kulia nyuma. Akikanyaga breki, mkia wa gari unakwenda pembeni kama unataka kutupita. Mama mkwe kimya, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, gari la baba yako halikuwa likitembea upande upande."

Kesho yake tukaenda kwa fundi Ngamiani. Akaingia chini na tochi na nyundo ndogo, anagonga, ti, ti, ti, halafu pu! Nyundo ikazama. "Shemeji, inama uone," akaniambia. Nikainama na baibui langu.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Bodi ya Land Rover hizi ni aluminiamu. Lilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo baada ya vita, aluminiamu ndiyo ilipatikana kwa urahisi. Kwa hiyo nje gari linang'aa miaka hamsini, kila mtu barabarani anakupigia saluti. Lakini chesisi ni chuma, tena ni kama boksi, iko wazi ndani. Hewa yetu ya chumvi inaingia, tope la mvua linaganda, na kutu inaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kwa macho, ujue ilishakula zamani.

Kilichooza ni kile kishikio kilichochomelewa kwenye chesisi, pale springi ya nyuma inaposhikwa na pini yake kwa mbele. Ekseli ya gari hili haishikwi na kitu kingine zaidi ya springi zenyewe. Kishikio kikikatika, ekseli inasogea upande mmoja na gari linakata kona bila kuuliza dereva. Na nyuma kakaa mama mkwe.

Halafu fundi akakwangua rangi nyeusi. Chini yake fila, chini ya fila bati limepachikwa juu ya kutu. "Hii nani kaifanya?" Mume wangu akaangalia viatu vyake.

Ilikuwa imepita miezi minane. Alijua! Alimpa mtu wa mtaani hela kidogo abandike, apake rangi, mimi nisione. Kisa? Nilishamwambia mara tatu auze lile gari tununue kiwanja Pongwe, akaogopa nikisikia ni kutu nitashinda mabishano. Nilichemka, msomaji, siwezi kukudanganya. Mtoto wangu kapanda gari lile kila Ijumaa.

Nikataka kupasua palepale, halafu nikakumbuka yangu. Aliposema hakuwa na hela ya kazi kamili, hela zangu za vikoba zilikuwa zimeshatoka tangu mwezi ule ule, nimezikalia kimya, yeye anajua bado hatujagawana. Basi na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Nikalipa nusu. Sharti langu moja: nashinda gereji, naangalia mwanzo hadi mwisho. Wakapandisha gari kwa chesisi, si kwa ekseli, likakaa juu ya stendi. Waya za betri zikatolewa, tenki la mafuta likashushwa mbali kabisa na moto. Kabla ya kukata, fundi akachukua vipimo vya upande mzima, maana ukikosea kidogo gari litatembea kama kaa maisha yake yote. Akakata kutu mpaka akafika kwenye chuma kinachong'aa. Hapo ndipo bati la yule wa kwanza lilipokosea, huwezi kuchomelea juu ya kutu ikashika. Kishikio kipya kikagusishwa kwa nukta chache za moto, kikapimwa tena, ndipo kikachomelewa kamili. Bushi mpya, pini mpya. Na bolti ya mwisho haikukazwa mpaka gari liliposhushwa likakaa kwa uzito wake, kwa sababu ukiikaza likiwa hewani mpira wa bushi unajisokota na kufa mapema. Mwishowe rangi ya kuzuia kutu, na oili ikapulizwa ndani ya chesisi, yale matundu ya kutolea maji yakiwa wazi.

Siku hizi tukitoka ufukweni, mwenzangu analiosha kwa chini na maji baridi ya bomba kabla hajavua viatu. Tochi iko kwenye droo yangu. Kiwanja cha Pongwe bado tunabishana, na juzi mama mkwe kapanda tena, ila kabla ya kupanda kaniuliza mimi, si mwanawe, kama gari ni zima.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutaongelea mawifi. Msalimie mwenzio.