Mtoto Aliyelazwa Naye Asomeshwe

Mwaka wa 1979 nilikuwa na miaka minane. Babangu akiuza nguo Eldoret, mji uliokuwa ukiitwa Sitini na Nne. Nilishikwa na homa, paja likauma. Watu wakasema nimeteguka, nikakandwa kwa mafuta. Kumbe usaha ulikuwa ndani ya mfupa. Nikalazwa hospitali miezi saba.

Sindano nilizizoea. Nisichokizoea ni ule mchana mrefu, mguu umo ndani ya plasta, kazi yangu kuhesabu mabati ya dari. Chuoni nilikuwa nimefika Tabaraka. Niliporudi na magongo yangu, wenzangu wamekwenda mbele, mimi nikakalishwa na watoto wa juzuu Amma. Aibu ile iliniuma kuliko kisu cha daktari.

Eldoret hiyo hiyo leo ina hospitali ya watoto, Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka wa 2015, na katika hospitali ya rufaa ya Moi kipo kituo cha Sally Test, ambako watoto waliolazwa hucheza na kusomeshwa.

Je, sisi wa pwani? Kwetu watoto wenye seli mundu ni wengi, na maradhi haya ya mifupa huwaandama wao zaidi. Maalimu zetu huingia wodini kuwaombea dua, nasi twashukuru. Lakini wakisha kuitikiwa amina huondoka! Msikiti ulio jirani na hospitali ungeweza kumtoa mwalimu mmoja, siku mbili kwa wiki, na juzuu yake. Hahitaji kujengewa chuo. Kiti kando ya kitanda chamtosha.