Kalemie haijakufa, twende tuisalimie



Kongé zinakaribia, na kila mwaka ni wimbo ule ule: franka zinaingia, tunapanda bisi mpaka Lubumbashi, tunakula siku tatu kwa shemeji, tunarudi na deni. Safari hii, nilipotaja Kalemie mbele ya madelege wenzangu, mmoja akanirukia: «Kamarade, kule maji iliingia mu manyumba ya batu. Unapeleka watoto kucheka kilio?»

Swali lake ni la haki. Ninamujibu hapa.

Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, Ruzizi, Malagarasi na mingine, lakini mulango wa kutokea ni mumoja tu: Lukuga, pale pale Kalemie. Mvua ikizidi, maji yanapanda, na hayashuki kwa juma moja. Yalipanda 2021, yakapanda tena 2024, yakaingia bandarini na katika nyumba za kandokando. Na mbele ya hayo, tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilibomoa nyumba kule. Lilisikika mpaka Nairobi. Mji ule umepigwa mara nyingi. Lakini watu wake wanaamka asubuhi, wanaanika ndagala, wanakaanga mikebuka, wanangojea muteja. Sisi tukikaa mbali kwa sababu ya heshima, mwenye nyumba ya wageni atatoa wapi franka za kununua mabati?

Na vya kuona viko. Acha ziwa lenyewe, lenye kina cha karibu metre 1,470, la pili duniani kisha Baikal. Mji ulianza na boma la Kapiteni Jacques mwaka 1891, wakauita Albertville. Ulipata jina la Kalemie mwaka 1966, kama vile Jadotville yetu ilivyorudi kuwa Likasi. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani 1915. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kiko pale, kimenyamaza, na mutu wa kazi akikitazama hahitaji kuelezwa.

Lakini hadithi ninayoipenda inaanzia karibu na sisi. Wakati wa vita ya kwanza, Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa treni mpaka Fungurume, kwa sababu reli ilikomea pale. Ndiyo, Fungurume ile ambako watoto wetu wanatafuta kazi leo. Kutoka pale zikavutwa na ng'ombe, na mashine za mvuke, na mikono ya watu, kupita milima ya Mitumba. Zilifika ziwani mwezi wa 10, na tarehe 26 Desemba 1915 zikakamata Kingani, meli ya Wajerumani. Jina la komanda, Spicer-Simson, liko katika vitabu. Majina ya waliovuta kamba, mimi bado sijayaona. Mutoto wa Panda akisimama kando ya maji yale, amuulize mwalimu wake kwa nini.

Sasa, kwenda namna gani? Hapa kwetu tunajua wageni wabaya. Kisha mwaka 2003, wakati zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines walipotoka katika kazi, wageni walikuja na apareyi zao, wakapiga picha za majengo yetu ya zamani, wakarudi bila kununua hata mukate. Mutu alikuwa anakaa mbele ya mulango wake na njaa, anapigwa picha kama nguzo ya umeme. Ile njo kucheka kilio. Sisi tusiifanye kwa wengine. Tulale kwa watu wa Kalemie, tulipe vizuri, tununue samaki kwa mama bila kumubana bei mpaka chini. Nyumba iliyobomoka, usiipige picha bila kuomba ruhusa.

Ninaomba sendika itoe sehemu ya kasha la sherehe kwa safari hii, jamaa kumi kwa mwanzo, kuliko kuimaliza yote kwa bia ya mwezi wa tano. Najua hapo nitapata maadui.

Safari ni ndefu, na treni haina saa. Mwenye shangazi ao kaka kule amupigie simu kwanza, amuulize barabara iko namna gani na maji yamefika wapi. Kisha aandikishe jina kwa delege wa shantie yake.