Geji ya Oili Ikifa, Nani Alipe?



Mtu akitoka Kitale na lori kuukuu la mahindi, akapita Kiminini na Kamukuywa kuelekea Webuye na Bungoma, mshale wa geji ya oili ukaanguka kwenye sifuri, afanye nini? Wengi wetu tumekwisha ambiwa, "Ni geji tu hiyo, endelea." Sisi twasema, la. Azime injini kwanza. Oili isipofika kwenye beringi, injini huharibika kwa dakika chache.

Atazame kijiti cha oili. Oili ikiwapo, aangalie nyuma ya geji. Katika magari mengi ya zamani oili yenyewe hupanda mpaka kwenye dashibodi kwa paipu nyembamba ya shaba, nayo ikiziba au ikipasuka mshale hauna habari. Geji ikiwa ya umeme, huenda waya umechomoka. Lakini tusikisie: makanika afunge geji nyingine nzima kwenye injini. Ikisoma vizuri, ile ya kwanza ndiyo mwongo.

Twayasema haya kwa sababu injini ikifa, hesabu huletwa kwa dreva. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa kukusudia, tena kwa kiasi cha haki. Aliyetoa habari ya geji mbovu alikusudia nini? Basi iandikwe kitabuni, tarehe na sahihi, kabla gari halijatoka. Mwajiri akikataa kutia sahihi, leteni habari kwa chama siku hiyo hiyo.